Mwacheni Mzee Apulize

Leo sina habari za mawifi wala za kodi ya nyumba. Nina barua moja tu. Nimeisoma mara tatu, na mara ya tatu chai yangu ilipoa mezani.

"Shikamoo Dada. Baba yangu ni mwalimu mstaafu. Mwaka jana aligundulika ana saratani ya koo, akapigwa mionzi mara 35 pale Ocean Road. Tunamshukuru Mungu, daktari anasema uvimbe haupo tena. Shida ni kwamba sasa kila akinywa maji anapaliwa. Anakohoa mpaka machozi, na siku hizi hataki kula na sisi. Hospitali walimpa kidude cha plastiki kama filimbi, apulize kila siku. Kimelala kwenye droo. Yeye anasema hana umri wa kupuliza midoli. Mama anasema aachwe apumzike, mwili umechoka. Jirani anasema kupuliza kutaiamsha kansa. Mimi niko katikati yao watatu. Nifanyeje?"

Marahaba, mdogo wangu. Pole kwa kuuguza, na hongera kwa kufika hapo mlipofika. Mara 35 ni wiki saba za Jumatatu hadi Ijumaa, na anayezimaliza amevuka mto mpana.

Nianze na jirani, maana huyo ndiye mwepesi. Kupuliza hakuamshi kansa. Saratani ikirudi ni kwa sababu chembe zake zilibaki mahali, na jambo hilo huchunguzwa kliniki, kwa hiyo tarehe za kliniki zisirukwe. Mshukuru jirani kwa kujali, mmiminie kahawa, kisha habari za koo la mzee muachieni daktari wake.

Mama ndiye mgumu, kwa sababu anasema kwa mapenzi. Na mimi niliwahi kukosea kwa mapenzi hayo hayo.

Mjomba wangu aliugua saratani ya ulimi, akafanyiwa upasuaji, kisha mionzi. Aliporudi nyumbani, ukoo mzima tuliamua kumtunza kama yai. Akinyanyuka, tunamrudisha kitandani. Alitaka kwenda barazani kucheza bao, tukamletea bao chumbani. Akikohoa, tunamkimbilia na kumwambia, "Taratibu mjomba, usijikaze." Miezi miwili baadaye kikohozi chake kilikuwa chepesi kama cha paka, nasi tukafurahi tukisema kifua kimetulia. Kumbe kifua kilikuwa kimeishiwa nguvu. Homa ya mapafu ilipokuja haikupiga hodi. Ya kwanza alipona. Ya pili hakupona.

Sisemi kwamba mazoezi yangemwokoa, hilo analijua Mungu. Nasema tulimnyang'anya kazi moja ambayo mwili wake bado ulikuwa unaiweza, tukaona tumemtendea wema. Tangu hapo nikimsikia mtu anamwambia mgonjwa "usijikaze", moyo hunidunda.

Njia mbili, mlango mmoja

Weka kidole kwenye zoloto, pale penye kile kigongo cha shingoni, kisha meza mate. Umehisi kitu kikipanda na kushuka? Kila tonge, kila funda la chai, lazima lipandishe kigongo hicho.

Nyuma ya ulimi kuna njia panda. Nyuma unapita umio, unaopeleka chakula tumboni. Mbele kuna njia ya hewa iendayo mapafuni. Unapomeza, pumzi husimama kidogo, zoloto hupanda juu na mbele, kile kifuniko ambacho wengine hukiita kidakatonge huinama, nyuzi za sauti hufumba, na chakula hupita juu ya njia ya hewa kama gari linavyopita juu ya daraja. Mara nyingi tukishameza tunatoa pumzi kwanza kabla ya kuvuta nyingine, na pumzi hiyo hufagia mabaki mlangoni.

Yote hayo humalizika kwa muda wa sekunde moja hivi. Chembe ikikosea njia, unapaliwa. Nyumbani kwetu tukiwa watoto, ukipaliwa unaambiwa kuna mtu anakutaja. Ukweli ni kwamba mlinzi wa mlango ameona mgeni asiyealikwa, naye anamtoa nje. Mlinzi huyo ni kikohozi.

Sasa tazama kikohozi kinavyofanya kazi. Unavuta hewa, nyuzi za sauti zinafumba, misuli ya tumbo na ya mbavu inakaza na kuibana ile hewa, kisha mlango unafunguka ghafla. Nguvu yote inatoka kwenye misuli. Na msuli ni msuli, uwe wa paja au wa pumzi: ukipewa kazi hukua, ukilazwa hunyauka.

Mionzi iliyoua uvimbe haikuchagua sana mahali pa kupita. Iligusa pia misuli ya koo, neva zake na tezi za mate. Mate yakakauka, kwa hiyo chakula hakitelezi. Misuli ikakakamaa, kwa hiyo zoloto halipandi kama zamani. Kwa wengine kukakamaa huku huendelea polepole kwa miaka, na mtu aliyekuwa anakula vizuri huanza kupaliwa muda mrefu baada ya matibabu. Neva nazo zikipoteza hisia, mlinzi husinzia, na maji yanapita njia ya hewa bila mtu kukohoa hata kidogo.

Hapo ndipo pa kuogopa zaidi, mdogo wangu. Baba yako anayekohoa mpaka machozi bado ana mlinzi aliye macho. Mchunge zaidi siku utakapoona ameacha kukohoa lakini sauti yake inakuwa ya majimaji baada ya kunywa, kama mtu anayeongea akiwa na uji kooni, au anapata homa za mara kwa mara zisizoeleweka. Akifika hapo, msiseme amepona. Mpelekeni akaangaliwe anavyomeza. Kuna kipimo cha picha ambapo mgonjwa humeza dawa nyeupe huku eksirei ikitazama, na kipimo kingine ambapo kamera nyembamba hupitishwa puani.

Kidude kile kilianzia shuleni

Baba anasema hana umri wa kupuliza midoli. Mwambie hivi, kwa heshima zote: mwanzoni mwa miaka ya 2000, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Florida, Marekani, waliyajaribu mazoezi ya namna hii kwa wanafunzi wa sekondari waliokuwa wakipiga ala za kupuliza katika bendi ya shule. Misuli yao ya kupumulia ikapata nguvu. Baadaye mazoezi yakapelekwa kwa wagonjwa wa Parkinson, ule ugonjwa wa kutetemeka, ambao kikohozi chao kilikuwa kimedhoofika, halafu yakawafikia watu waliotibiwa saratani za kichwa na shingo. Mwalimu mstaafu anatakiwa aelewe jambo hili kuliko sisi sote: wanafunzi ndio waliotangulia, yeye anafuata darasa.

Ndani ya kile kidude kuna springi na kivali. Ukipuliza kivivu, hewa haipiti kabisa, ni kama umepuliza ukuta. Ukikaza mpaka ufikie uzito uliowekwa, kivali kinafunguka na hewa inatoka kwa kishindo. Mtaalamu hupima kwanza nguvu zote za mgonjwa, kisha huweka uzito kwenye takriban robo tatu ya nguvu hizo. Mgonjwa akizoea, uzito huongezwa, kama mbeba vyuma anavyoongeza kilo.

Nguvu hiyo hupimwa kwa sentimita za maji, yaani kimo cha maji ambayo pumzi yako ingeweza kuyasukuma juu kwenye mpira uliosimama wima. Mwaka 2018 wataalamu wa hospitali ya saratani ya MD Anderson, mjini Houston, walitoa taarifa ya watu 64 waliokuwa wakipaliwa muda mrefu baada ya mionzi ya kichwa na shingo. Mpango wao ulikuwa pumzi 25 kwa siku, siku tano kwa wiki, kwa wiki nane. Waliomaliza walipanda kwa wastani kutoka sentimita 87 hadi 137. Tazama mtoto wa darasa la nne akiwa amesimama: pumzi ya mtu aliyeugua koo ilikuwa sasa inaweza kuinua maji mpaka utosini kwake.

Lakini sitakuuzia mbuzi kwenye gunia. Usalama wa kumeza uliongezeka kiasi tu. Chakula kilichokuwa kikibaki kooni baada ya kumeza kiliendelea kubaki. Tena hakukuwa na kundi la pili la kulinganisha nalo. Kwa hiyo usimwahidi baba kwamba baada ya wiki nane atakula pweza na muhogo wa kuchoma. Mwahidi mlinzi mwenye nguvu: kitu kikipotea njia, kifua chake kitaweza kukirudisha. Tena kupuliza kwa nguvu huishughulisha pia misuli iliyo chini ya kidevu, ile inayopandisha zoloto wakati wa kumeza.

Namna ya kufanya

Haya ninayoyasema yanamfaa mtu ambaye mtaalamu ameshamwona na kumwekea uzito wake. Usikizungushe kile kipimo mwenyewe.

Mzee akae kwenye kiti kigumu, mgongo wima, miguu sakafuni. Kochi halifai, linamnywea mtu. Abane pua kwa kibanio kilichokuja na kidude au kwa vidole. Avute pumzi ya kushiba, aweke kidude mdomoni, afumbe midomo sawasawa, ashike mashavu kwa mkono ili yasivimbe, kisha apulize mara moja kwa haraka na kwa nguvu mpaka asikie kivali kikifunguka. Asirefushe. Akishasikia hewa inatoka, amemaliza. Atoe kidude, apumue kawaida.

Kanuni ni ya tano tano, rahisi kukumbuka: pumzi tano, apumzike dakika moja, arudie mpaka zitimie seti tano. Siku tano kwa wiki, kwa wiki tano au zaidi, kadiri mtaalamu atakavyopanga. Pumzi 25 hazizidi dakika 20, muda mfupi kuliko taarifa ya habari. Kila wiki au kila miadi, uzito hutazamwa upya. Ratiba kali ikiisha, aulize aendelee mara ngapi kwa wiki, maana msuli ukiachwa hurudi ulikotoka.

Kidude ni cha mtu mmoja, kama mswaki. Kioshwe kwa sabuni na maji safi, kikauke, kisiachwe wajukuu wakakifanyia harusi.

Mazoezi ya kupuliza kwa nguvu yasianzwe bila ruhusa ya daktari kama mtu ana presha isiyotulia, ngiri, kiungulia kikali kisichodhibitiwa, pumu inayosumbua, amepata kiharusi karibuni, ana matatizo ya moyo, amewahi kuvuja hewa kwenye mapafu, au amefanyiwa upasuaji hivi karibuni, hasa kama shingoni kuna nyama iliyopandikizwa ambayo bado haijashika. Akiwa katikati ya kupigwa mionzi na mdomo umejaa vidonda, mtaalamu ndiye ataamua kama apunguze, aendelee au asubiri. Na akisikia kizunguzungu, maumivu ya kifua au kichwa kupasuka, aache hapo hapo, atulie, siku hiyo imeisha. Isipotulia, aende hospitali.

Na asiye na kidude?

Najua wengi mnaosoma hapa hamna kidude wala hamjawahi kukiona. Vinaagizwa kutoka nje, na wataalamu wa kumeza na kuongea kwetu ni wa kuhesabu. Lakini hospitali nyingi kubwa zina fiziotherapia. Usiondoke kliniki ya saratani bila kuuliza: "Daktari, mgonjwa wangu anapaliwa. Naomba barua ya kwenda kwa watu wa mazoezi." Sentensi hiyo haina gharama.

Kuna mazoezi mepesi ambayo watu wa fiziotherapia huyafundisha bila kifaa chochote.

La kwanza ni pumzi ya tumbo. Mgonjwa aegemee mito, mkono mmoja juu ya kitovu. Avute hewa taratibu kwa pua mpaka mkono upande, maana chini ya mbavu kuna kiwambo, msuli mpana unaotenganisha kifua na tumbo, nao ukishuka ndipo hewa inapoingia hadi chini ya mapafu. Kisha atoe hewa kwa midomo iliyobanwa kidogo, kama anapoza chai, kwa muda mrefu kuliko aliovuta. Pumzi nne au tano zinatosha kwa mkupuo mmoja. Akizidisha kichwa kitazunguka. Mtu aliyetoka kwenye upasuaji huhimizwa kuvuta pumzi ndefu mapema, ili sehemu za chini za mapafu zisijikunje na makohozi yasipate mahali pa kulala.

La pili ni la kupandisha makohozi. Unajua tunavyosafisha miwani? Unaisogeza mdomoni na kuipulizia "haaa" mpaka ifanye ukungu. Mgonjwa afanye hivyo hivyo, ila kwa nguvu ya tumbo, mdomo wazi na koo wazi. "Haaa" mbili tatu, apumue kwa utulivu, arudie. Makohozi hupanda bila koo kukwaruzwa na kikohozi cha mfululizo, jambo ambalo mwenye vidonda vya mionzi atakushukuru kwalo.

La tatu ni kutembea. Ndiyo, kutembea. Mpaka dukani, mpaka msikitini, mpaka kwa jirani yule wa kahawa. Anayetembea hupumua kwa kina bila kukumbushwa. Laiti tungemwacha mjomba aende barazani kwenye bao lake!

Wengine mmeelekezwa kupuliza mapovu kwa mpira uliochovywa kwenye chupa ya maji. Zoezi hilo ni zuri kwa kulegeza makohozi, maji yakibadilishwa kila siku, chupa ikioshwa na mdomo wake usizibwe. Ila usidhani linajenga nguvu kama kile kidude. Piga hesabu: kwenye chupa mpira umezama kama sentimita kumi. Wale wa Houston walikuwa wanasukuma zaidi ya hizo mara kumi. Chupa inafagia, kidude kinajenga, na kila kimoja kina kazi yake.

Na wewe ambaye mgonjwa wako ameondolewa zoloto lote na sasa anapumua kwa tundu la shingoni, tafadhali usimpe kidude cha mdomoni. Hewa yake haipiti tena mdomoni, atapuliza bure. Kwake yeye tumbo na umio vimetenganishwa kabisa na mapafu, kwa hiyo mambo ya kupaliwa ni tofauti, lakini hewa inaingia mapafuni ikiwa kavu na yenye vumbi kwa sababu pua haiichuji tena. Tundu lifunikwe kwa kifuniko chake maalumu au kitambaa chepesi safi, lisiingie maji wakati wa kuoga, na kila mtu nyumbani ajue kwamba akizimia, hewa ya kumwokoa hupitia shingoni. Mazoezi yake yapo, ya kupumua kwa kina na kutembea, na yatoke kwa mtu wa fiziotherapia anayemjua. Aliye na mpira wa kupumulia wa muda shingoni naye asijaribu lolote kabla ya kuuliza.

Meza na mdomo

Zoezi bila adabu ya mezani ni kuteka maji kwa pakacha. Maji matupu ndiyo mwizi mkubwa, kwa sababu hukimbia kabla mlango haujafungwa. Wengi huvimudu vinywaji vizito kidogo kama uji au mtori uliopondwa vizuri kuliko maji, lakini kila koo lina tabia yake. Kama mtaalamu amempa mkao wake, wa kuinamisha kidevu au kugeuza shingo upande, fuateni huo huo, msiazime wa mgonjwa mwingine. Kwa wote: akae wima, anywe kidogo kidogo, asimulie hadithi baada ya kumeza, na asilale hapo hapo akishashiba. Na kama bado anaweza kumeza kwa usalama, aendelee kumeza hata kama analishwa kwa mpira pia. Kundi lile lile la Houston liliandika mwaka 2013 kwamba waliokula kwa mdomo na kufanya mazoezi ya kumeza wakati wa mionzi walibaki na uwezo mzuri zaidi wa kula baadaye.

Halafu usafi wa kinywa. Mate yanapopotea njia hubeba vijidudu vya mdomoni kwenda navyo mapafuni. Mdomo mchafu ndio mara nyingi unaofanya kupaliwa kuwe homa ya mapafu. Mswaki laini asubuhi na usiku, ulimi pia, asukutue kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi kidogo. Jino likiuma, asikimbilie kung'olewa mtaani. Amwambie daktari wa meno kwanza kwamba taya lake lilipigwa mionzi, maana mfupa huo hupona kwa shida.

Tumbaku na pombe, sitaki hata kujadili. Ziwe sigara, ugoro, kuberi au tambuu ya harusini, vyote viishe. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lilishachapisha mwaka 2004 kwamba tambuu husababisha saratani hata isipotiwa tumbaku, kwa sababu popoo yenyewe ina sumu. Nawaambia hili na nyie vijana mnaotafuna mkisubiri abiria stendi.

Homa, makohozi yenye rangi au harufu, pumzi kukatika, mlio wa hewa shingoni kama filimbi, uzito kushuka wiki hadi wiki: yoyote kati ya hayo ni safari ya hospitali. Damu ikitoka mdomoni au shingoni, au pumzi ikibana, usingoje asubuhi.

Sasa, utamwambiaje baba?

Hapa ndipo ulipotaka nifike, najua. Wewe ni binti yake. Huwezi kusimama mlangoni ukamwamuru mzazi wako apulize. Pitia kwa shangazi. Dada wa baba anaweza kumwambia kaka yake mambo ambayo sisi tukiyasema ni utovu wa adabu. Au mtafute mwalimu mwenzake, yule wa kucheza naye drafti, aje akae naye zile dakika 20 za mwanzo.

Mama naye usimpinge, mpe cheo. Mwambie, "Mama, daktari anataka mtu wa kushika saa." Mapenzi yake yanatafuta kazi ya kufanya. Leo anayatumia kumlaza baba, kesho atayatumia kumhesabia seti.

Na sinia. Umeandika mstari mmoja tu kwamba hataki kula nanyi, ukapita haraka. Mimi nilisimama hapo. Mtu mzima aliyezoea kula sinia moja na wanawe hahami mezani kwa sababu ya koo. Anahama kwa sababu ya aibu: kikohozi, mate, chembe kurukia wenzake, na siku hizi mtu akikohoa watu wanafikiria kifua kikuu. Mpeni sahani yake, leso yake na nafasi yake ile ile ya siku zote. Akipaliwa, mwacheni akohoe mpaka amalize. Msimpige mgongoni ilimradi anakohoa na hewa inapita, msimkimbilie na maji, msinyamaze wote kama msibani. Endeleeni na hadithi zenu. Mlinzi yuko kazini.

Mwisho, nunua daftari lenye mistari. Yule ni mwalimu, ameita mahudhurio maisha yake yote. Chora siku saba kwenda kulia na seti tano kwenda chini, Jumamosi na Jumapili ziachwe wazi. Mkabidhi na kalamu nyekundu, umwambie, "Baba, darasa hili lina mwanafunzi mmoja, na mtoro amekuwa yeye." Kisha toka chumbani. Usisimame kumtazama. Ukisikia kivali kikifunguka kule ndani, endelea kukuna nazi yako kama hujasikia kitu.